Maisha ya Robert Koch: Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Katika shule nyingi za msingi somo la vijidudu hufundishwa kwa kauli tupu. Mwalimu huandika ubaoni kwamba kipindupindu huletwa na vijidudu, wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani huirudisha kauli ile ile kama walivyoipokea. Ukimwuliza mtoto amejuaje kwamba ni vijidudu na si upepo mbaya, aghalabu hana la kujibu ila kwamba mwalimu amesema. Elimu ya namna hii ni dhaifu. Mtoto huyo atarudi nyumbani, na huko pengine atamkuta mtu mzima anayemweleza kwamba ugonjwa umeletwa na husuda ya jirani. Hapo atakuwa na kauli mbili za watu wawili anaowaheshimu, wala hatakuwa na njia ya kuzipima.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza walimu wanafunzi maisha ya Robert Koch, daktari Mjerumani aliyeufundisha ulimwengu jinsi ya kuthibitisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Hatukumchagua kwa kuwa hakukosea. Alikosea mara mbili, na vibaya, na mara moja kati ya hizo ilikuwa katika visiwa vya Sese, ndani ya ziwa letu la Victoria. Mafanikio yake na makosa yake yana chanzo kimoja, na chanzo hicho kinamhusu kila anayesimama mbele ya darasa.

UTOTO NA MASOMO

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya usimamizi wa migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Tangu utotoni alipenda kukusanya wadudu, mimea na mawe. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na huko akafundishwa na Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huenda yanaletwa na viumbe hai vidogo mno. Henle hakuwa na njia ya kulithibitisha wazo lake. Koch alihitimu udaktari mwaka 1866, akafanya kazi katika miji midogo kadhaa, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland na huitwa Wolsztyn.

Hapana budi tukumbuke hali ya elimu ya wakati ule. Vijidudu vilikuwa vimeonekana kwa hadubini tangu karne ya 17, pale Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alipotazama tone la maji na utando wa meno. Huko Ufaransa Louis Pasteur alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kuchacha na kuoza ni kazi ya viumbe hai. Hata hivyo, madaktari wengi waliendelea kuamini kwamba maradhi hutoka katika hewa chafu. Vijidudu vilipoonekana katika mwili wa mgonjwa, walisema kwamba vimeletwa na ugonjwa, kama vile nzi wanavyoletwa na mzoga. Mtu aliyewapinga alitakiwa kuonyesha ni kipi kilichotangulia.

UGONJWA WA KIMETA

Katika wilaya ya Koch ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta, na pengine wachungaji pia. Watu wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama hao. Koch hakuwa na maabara. Alijitengea sehemu ya chumba alichotibia wagonjwa. Alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaitia kwa kijiti cha mbao katika mkia wa panya mdogo. Panya akafa, na damu yake ikajaa vijiti vile vile. Akatoa kwa panya wa kwanza, akatia kwa wa pili, na kuendelea hivyo.

Lakini alijiuliza swali ambalo mtu mwenye haraka asingejiuliza. Je, kinachoua ni vijiti, au ni kitu kingine kilichomo katika damu? Ili alijibu, alitaka vijiti viote mahali pasipo na damu. Aliweka chembe ya wengu la mnyama aliyekufa katika tone la majimaji safi ya jicho la ng'ombe, akaliacha katika joto la kadiri ya mwili, kisha akakaa kwenye hadubini. Aliviona vijiti vikirefuka na kuwa nyuzi ndefu. Akachukua kidogo katika tone la kwanza akaweka katika la pili, kisha la tatu, mara nyingi mfululizo, hata damu ya asili ikawa imepungua mno isiweze kudhaniwa kuwa ndiyo inayoua. Tone la mwisho liliua panya kama lilivyoua la kwanza.

Aliona pia jambo jingine. Chakula kilipopungua, ndani ya nyuzi zile palitokea vitone ving'aavyo. Hizo ni spora, yaani hali ya kujihifadhi ambamo kijidudu hujifunika kwa ganda gumu, kikaacha kukua, na kikangoja. Spora za kimeta huweza kudumu katika udongo miaka mingi, na hustahimili ukavu na joto. Hapo fumbo la siku nyingi likafumbuka: kwa nini malisho fulani yaliua wanyama mwaka hata mwaka, ingawa hapakuwa na mnyama mgonjwa karibu. Ndiyo maana mpaka leo mabwana mifugo hukataza kuuchuna au kuupasua mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta, nao huagiza uchomwe au uzikwe kwa kina kirefu.

Mwaka 1876 Koch alisafiri hadi Breslau, akiwa amechukua panya na vifaa vyake, akarudia majaribio yake yote kwa siku kadhaa mbele ya Profesa Ferdinand Cohn na wenzake. Hakuwaomba wamwamini, aliwaomba watazame. Makala yake ilichapishwa mwaka huo huo.

KIAZI KILICHOCHEMSHWA

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin katika Ofisi ya Afya ya serikali. Huko alikabili shida kubwa ya kazi hii: vijidudu huishi vikiwa vimechanganyika. Katika mchuzi wa nyama aina kumi huelea pamoja, na haiwezekani kusema ni ipi iliyofanya nini.

Msaada ulitoka katika kitu cha jikoni. Kipande cha kiazi kilichochemshwa kikiachwa wazi, baada ya siku chache hutoa madoa madogo ya rangi mbalimbali. Koch aliona kwamba kila doa ni kundi la vijidudu vya aina moja tu. Kijidudu kimoja kilianguka pale, na kwa kuwa hakiwezi kuogelea juu ya kitu kigumu, wazao wake walibaki mahali pamoja. Basi aliyegusa doa moja kwa sindano safi aliweza kuotesha aina moja peke yake.

Si kila kijidudu kinachopenda kiazi, kwa hiyo Koch aligandisha mchuzi wa nyama kwa jelatini. Jelatini nayo iliyeyuka katika joto la mwili. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alishauri itumiwe agari, kitu kinachotolewa katika mwani wa baharini, ambacho yeye alikuwa akigandishia vyakula nyumbani kwake. Agari haiyeyuki katika joto la mwili. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, akabuni kisahani cha kioo chenye kifuniko. Agari na kisahani hicho vinatumika katika maabara za hospitali mpaka sasa.

Hapa mwalimu yafaa aeleze umbo la viumbe hivi. Bakteria ni seli moja, na urefu wake kwa kawaida ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Wako wa mviringo, wa vijiti, waliopinda kama mkato wa maandishi, na waliojisokota kama parafujo. Seli yao ina ukuta kwa nje na utando kwa ndani, lakini haina kiini kilichofunikwa kama cha seli zetu. Huongezeka kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Baadhi yao, wakipata chakula, unyevu na joto la kutosha, hugawanyika kila dakika 20. Kasi hiyo haidumu, kwa maana chakula hupungua na uchafu wao wenyewe huwazuia.

KIFUA KIKUU

Katika siku hizo ilihesabiwa kwamba mtu mmoja katika kila watu saba waliokufa aliuawa na kifua kikuu. Wengi waliudhani ugonjwa wa kurithi, kwa kuwa uliwapata watu wa nyumba moja. Koch alianza kuuchunguza mwaka 1881. Kijidudu chake kilikuwa kigumu kukipata, kwa sababu ukuta wake una mafuta mfano wa nta yasiyopokea rangi kwa urahisi, nayo rangi ndiyo inayokifanya kijidudu kionekane vema chini ya hadubini. Alijaribu njia nyingi za kukitia rangi mpaka akakiona. Kukiotesha kulikuwa kazi nyingine. Alikiweka juu ya majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa joto, siku zikapita pasionekane kitu. Mtu mwingine angetupa mirija yake. Koch alingoja, na katika juma la pili madoa madogo yakaanza kutokea. Kijidudu hiki huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja.

Alipovitia vijidudu hivyo katika miili ya simbilisi, waliugua kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wataalamu wa Berlin, akawaonyesha vielelezo vyake vyote. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kutokana na kazi hizi yalipatikana masharti manne yanayojulikana kwa jina lake. Kwanza, kijidudu kionekane kwa kila mwenye ugonjwa. Pili, kitolewe na kuoteshwa peke yake. Tatu, kikitiwa katika mnyama mzima, kilete ugonjwa ule ule. Nne, kipatikane tena katika mnyama huyo. Leo tunajua kwamba masharti haya yana mipaka. Virusi haviwezi kuoteshwa pasipo seli hai, na wako watu wanaobeba vijidudu bila kuugua. Lakini tabia ya kudai uthibitisho hatua kwa hatua haikuachwa.

KIPINDUPINDU NA MCHANGA WA ALTONA

Mwaka 1883 Koch aliongoza msafara kwenda Misri kuchunguza kipindupindu, kisha akaenda Calcutta, India. Mwaka 1884 alitangaza kwamba ugonjwa huo unaletwa na kijidudu kilichopinda kama mkato, kinachoishi katika maji machafu. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona tangu mwaka 1854, lakini hakusikilizwa.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka 1892 Max von Pettenkofer, mwanasayansi mzee wa Munich, alikunywa mchuzi wenye vijidudu hivyo ili kuonyesha kwamba havina nguvu peke yake. Aliharisha kidogo tu. Jambo hili halimfanyi kuwa mshindi. Linatukumbusha kwamba kuingiwa na kijidudu si lazima kuwe kuugua: tindikali ya tumbo, kinga ya mwili, na wingi wa vijidudu vilivyoingia, vyote vina sehemu yake.

Mwaka huo huo kipindupindu kiliingia Hamburg, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulipakana na Hamburg, hata mipaka yao ilipita katika mitaa. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe, na Altona iliyachota upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Lakini Altona iliyachuja maji yake kwa tabaka za mchanga, na Hamburg haikuyachuja. Hewa ilikuwa moja, mto ulikuwa mmoja, ila Altona walikufa watu wachache tu. Koch, aliyetumwa huko, aliutumia mfano huu, na ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kuwafundisha watoto.

KOSA LA BERLIN

Tulisema kwamba Koch alikosea. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu, nacho kikaitwa tuberkulini. Safari hii hakueleza kilichomo wala hakuwaruhusu wengine kurudia majaribio yake. Jina lake lilikuwa kubwa, na hilo likatosha. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Madaktari wenzake walipoipasua miili ya waliokufa, walikuta ugonjwa haujatulia, na pengine umesambaa. Mwaka 1891 Koch alilazimika kueleza kwamba dawa yake ni maji yaliyotolewa kutoka kwa vijidudu vya kifua kikuu vyenyewe. Haikuwa tiba. Baadaye ilifaa kwa kupima kama mtu amekwisha kuambukizwa, na kwa kazi hiyo inajulikana hadi leo.

KOCH KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch alifika Afrika ya Kusini kuchunguza sotoka ya ng'ombe, na miaka ya 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Mwaka 1905 alirudi, akaonyesha kwamba vijidudu vya homa ya papasi huingia hata katika mayai ya papasi. Watafiti wengine walikuwa wakichunguza ugonjwa huo huo huko Kongo wakati ule ule. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alirudi tena kwa ajili ya malale. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu cha seli moja kiitwacho tripanosoma, kinachochukuliwa na mbung'o. Kandokando ya ziwa, upande wa Uganda, ulikuwa umeua watu wengi mno, inakadiriwa zaidi ya 200,000 katika miaka ile. Koch alipiga kambi yake Bugala, katika visiwa vya Sese, na wagonjwa wakamjia kwa mamia. Aliwadunga dawa iitwayo atoksili, yenye zarniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni walionekana kupata nafuu, akapeleka habari njema Ulaya. Kisha vijidudu vikarudi katika damu. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa wakaumwa na tumbo na kizunguzungu. Wengi wakaondoka kambini. Zaidi ya 20 kati yao walipofuka, na macho yao hayakufumbuka tena. Koch akarudi kwenye kipimo kidogo, lakini aliporudi Ujerumani mwaka 1907 aliendelea kuisifu dawa hiyo, akashauri pia wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga. Kambi kama hizo zilifunguliwa katika koloni la Wajerumani, na dawa hiyo ikatumika humo.

Tuyalinganishe makosa haya mawili. Berlin, wagonjwa walikuwa na ndugu wenye sauti, madaktari wenzake walipasua maiti na kuandika magazetini, na katika miezi michache Koch akatakiwa kujibu. Sese, watu walikuwa chini ya utawala wa kikoloni. Hawakuelezwa wazi hatari ya dawa, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwambia daktari mkubwa aonyeshe ushahidi wake. Njia pekee waliyokuwa nayo ya kukataa ilikuwa kuondoka. Majina ya waliopofuka hayatajwi katika vitabu vinavyomtukuza Koch, lakini nao wamo katika historia ya sayansi.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66.

MAMBO YA KUZINGATIA DARASANI

Alipokuwa daktari asiyejulikana wa Wollstein, Koch alionyesha kila hatua, na aliyoyaonyesha yamesimama mpaka leo. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kuaminiwa bila kuulizwa, watu waliumia. Mwalimu wa darasa la nne ana ukubwa wa namna hiyo mbele ya watoto wake. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

1. Jaribio la kiazi. Chemsha vipande vitatu vya kiazi, uviweke katika mitungi mitatu ya kioo iliyochemshwa. Kimoja kiguswe kwa kidole kisichonawa, cha pili kwa kidole kilichonawa kwa sabuni, cha tatu kisiguswe. Funika bila kukaza, uandike tarehe, na wanafunzi watazame kwa siku tano pasipo kufunua. Mwisho, mwalimu mwenyewe aitumbukize mitungi katika sufuria ya maji, aichemshe kwa nusu saa, na mabaki ayafukie katika shimo refu. Matokeo yakiwa tofauti na yaliyotarajiwa, yasifichwe. Darasa litafute sababu.

2. Hesabu ya kuongezeka. Kijidudu kimoja kimeingia katika chakula saa 1 asubuhi, nacho hugawanyika kila dakika 20. Wanafunzi wazidishe kwa mbili mpaka saa 8 mchana. Watapata 2,097,152, na hapo wataelewa kwa nini kiporo hupashwa moto mpaka kichemke.

3. Mchoro wa mto. Chora ubaoni mto Elbe na miji yake miwili, utaje idadi ya waliokufa Hamburg, na uwaache watoto watafute wenyewe tofauti. Jibu lisitoke kwa mwalimu kwanza.

Mtoto akiuliza tumejuaje, asikaripiwe. Watu wa Sese walikuwa na haki ya kuuliza swali hilo hilo, wala hawakupewa nafasi.

Maswali ya kujadiliana chuoni:

(a) Kwa nini Koch aliotesha vijidudu vya kimeta mara nyingi mfululizo nje ya mwili wa mnyama?

(b) Utamweleza vipi mzazi anayesema kwamba alikunywa maji ya mto bila kuyachemsha na hakuugua?

(c) Taja jambo moja la afya unalolifundisha kwa kauli tupu. Utalionyeshaje?